Chupa Isiyotiwa Maji

Kwenye rafu ya nyuma pale kitaluni, juu ya magunia ya samadi, kuna chupa kubwa ya kioo isiyo na bei. Ndani yake kuna kangaga mmoja, ule mmea wa majani kama manyoya, na majani mafupi ya kijani yanayotambaa. Kila mfanyakazi mpya akiiona hushika kopo la maji, na kila mara nimempigia kelele alirudishe. Sasa nimestaafu. Magoti yamenigomea, na sauti yangu haiwezi kufika hapo kutoka nyumbani, ndiyo maana naandika. Nitaanza mwanzo kabisa, kwa sababu mtu ukimwambia asifanye jambo bila kumweleza sababu, ukigeuka tu atalifanya. Hayo nimeyaona kwa wateja, kwa wazee wa kanisa, na kwa wanangu mwenyewe.

Nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mwishoni mwa mwaka 1996 kutoka Kivu ya Kusini, mimi na mume wangu na watoto, tukiwa na jembe lisilo na mpini. Kwetu nilikuwa mkulima wa mihogo na maharage. Maua sikuwahi kuyapanda kwa sababu hayaliwi. Kambini watu walikata miti kupikia mpaka vilima vikabaki uchi, basi kikaanzishwa kitalu cha miche, nami nikaomba kazi. Siku ya kwanza nilipewa kujaza udongo kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya miche. Nilivijaza kwa nguvu zote, nikavishindilia kwa ngumi, nikavipanga mstari kama askari. Nilikuwa nasubiri sifa. Mkuu wa kitalu alipita, akaminya kimoja kwa vidole, akaanza kuvipasua vyote, kimoja baada ya kingine, bila kuninunia.

"Mizizi nayo inapumua," aliniambia. "Ukiifinya hivi, itapita wapi? Muti itakufa, na weye utasema ni jua."

Huyo ndiye Mama Namahoro. Alikuwa mwanamke mrefu wa jamii ya wafugaji, kutoka kule juu milimani Minembwe. Ng'ombe wake wote walibaki huko au waliliwa na watu asiowajua, lakini alikuwa bado anatembea polepole, kama mtu anayefuatwa na kundi nyuma. Yote ninayoyajua kuhusu mimea alinifundisha yeye, ukiacha machache niliyofundishwa na makosa ya wateja.

Nyumbani kwake, dirishani, ndiko nilikoona bustani ya chupa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ile chupa pana ya kioo ambayo wenye maduka huwekea peremende, imefunikwa kwa kifuniko chake. Ilikuwa kiangazi. Nje vumbi la Nakivale lilikuwa limegeuza kila kitu rangi ya njano, hata kuku. Ndani ya chupa kulikuwa kijani kibichi, na matone yalikuwa yakiteremka kwenye kioo. Nilidhani ameficha mboga.

"Hii njo kwetu," alisema; "njo" kwa Kiswahili cha kwetu ni "ndiyo". "Kule juu asubuhi ukungu inaingia mupaka mu nyumba. Unaamuka, blanketi iko mbichi. Hapa hakuna ukungu. Njo nikaitengeneza mu chupa."

Yale majani mafupi aliyatoa kwenye mawe ya chemchemi upande wa Rugaaga, alikokwenda kulima vibarua. Nilimuuliza alitia maji lini. Akasema mvua ya mwaka uliopita. Sikumwamini hata kidogo. Kwa siku nyingi nikawa napita kwake nikitoka kazini, nikisingizia kuomba chumvi, nipate kuangalia kama anatia maji kwa siri. Mwishowe nikafunga uzi mwembamba kwenye kifuniko, uzi ambao ungekatika kama angefungua. Uzi haukukatika. Siku moja alinisindikiza mlangoni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Uzi yako iko salama?" Niliona aibu mpaka masikioni, kisha tukacheka wote wawili, na tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake.

Basi nikajifunza kuangalia. Asubuhi kioo kinavaa umande. Jua likipanda, umande unakuwa matone, matone yanateremka ukutani na kuingia udongoni, mizizi inanywa, majani yanatoa pumzi, na kesho yake pumzi ileile iko tena kwenye kioo. Maji hayaendi popote, yanazunguka tu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilikaa mbele ya ile chupa nikiwa nimeacha sufuria motoni. Maharage yaliungua, na mume wangu aliyazungumzia muda mrefu kuliko yalivyostahili.

Jinsi ya kuitengeneza mnaijua, lakini nitairudia kwa ajili ya wale wanaoruka hatua. Chini kabisa changarawe iliyooshwa. Juu yake makaa ya kupikia yaliyopondwa, yasiwe yanayonuka mafuta ya taa. Kisha kipande cha chandarua kuzuia udongo usishuke, kisha udongo mweusi uliochekechwa. Udongo wa kichuguu msiuguse. Najua watu wa Isingiro, wilaya yenye kambi, wanausifu kwa kujengea na kwa kulimia, na ni kweli, lakini ukiuingiza ndani ya chupa umewaingiza na wenye nyumba yao. Niliwahi kuutumia mara moja, mchwa wakala mimea, wakala na chandarua. Maji yatieni kidogo, kwa chupa ya soda iliyotobolewa kizibo. Asubuhi kioo kikivaa umande nusu, mambo ni mazuri. Kikiwa kimefunikwa kutwa nzima, maji yamezidi, fungueni kipumue. Kikiwa kikavu siku nyingi, ongezeni kijiko. Jua kali liwe mbali. Jani likifa litolewe siku hiyohiyo, na kwa hilo chombo bora ni spoki ya baiskeli iliyopindwa ncha. Yangu ya kwanza niliikuta Oruchinga, kambi ya jirani, tulipopeleka miche huko, ikiwa imechomoza kwenye gurudumu lililotupwa. Bado ninayo.

Kuna hatua moja ambayo hamtaikuta kwingine, nayo ni moshi. Wafugaji wa kwao Mama Namahoro, kama walivyo Wanyankore wenyeji wa huku, hufukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa nyasi ili maziwa yasiharibike na yawe na harufu nzuri. Yeye alifanya hivyohivyo kwa chupa. Alikuwa anaweka nyasi kavu juu ya kaa la moto, anazifunika kwa mdomo wa chupa mpaka kioo kinakuwa cha kahawia, kisha anaifuta na kuiacha wazi mpaka kesho yake. Mimi nilidhani ni mazoea tu ya mwanamke aliyepoteza ng'ombe. Nikatengeneza chupa mbili, moja nikaifukiza, nyingine nikaiosha kwa sabuni. Ile ya sabuni ikaota kuvu nyeupe kama pamba, ile ya moshi ikabaki safi. Labda ilikuwa bahati. Sijui moshi hasa unafanya nini, na nimewauliza watu wengi waliosoma, kila mmoja akanipa jibu lake. Lakini tangu hapo sijapanda kitu ndani ya chupa isiyonukia moshi.

Baada ya miaka michache nilihamia Mbarara, kwenye kitalu hiki chetu cha barabarani, chini ya kilima cha Kamukuzi. Wakati ule kilikuwa na waridi, miche ya parachichi, na mbwa mmoja mkali. Nilikuja na chupa moja kwenye kikapu, nikaiweka kando ya waridi, watu wakaacha waridi. Maofisini waliitaka kwa sababu haihitaji mtu wa kuimwagilia, na huko hakuna anayejua ni kazi ya nani kumwagilia. Baadaye zikaingia majumbani, nami nikawa napita nyumba hadi nyumba kuziangalia. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote. Ukiitazama chupa ya mtu unajua mengi kuhusu nyumba yake.

Wengi waliua mimea kwa huruma. Msichana wa kazi anapita, anaona mti umefungiwa, anausikitikia, anautilia kikombe. Mchana anapita mwenye nyumba, naye ana huruma. Jioni anakuja mgeni. Palikuwa na afande mmoja wa polisi, mtu mwenye sauti nene, aliyeweka chupa yake juu ya televisheni karibu na dirisha la magharibi. Akaniletea akiwa ameikumbatia.

"Mama, hii mti yako imelala."

"Haijalala, Afande," nilimwambia. "Imeiva."

Aliitazama kwa muda, akaniuliza kama basi inaweza kuliwa. Nikamtengenezea nyingine bure kwa sababu ya swali hilo.

Kati ya wateja wangu wote, aliyekuwa na macho ya kuangalia kama yangu alikuwa Zaituni. Alikuwa mke wa mfanyabiashara wa vitambaa pale mjini, Mwislamu, mzaliwa wa Bukoba, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka nikawa najikagua nikizungumza naye. Nilikuwa nikienda kwake kutoa jani moja, naondoka mchana. Alikuwa anavuta kigoda, anakaa mbele ya chupa na miwani yake.

"Hebu niambie, Mama Riziki. Tone hili ninaloliona sasa ndilo lile la jana?"

"Sijui, dada. Labda ni lile, labda ni jirani yake."

"Kwa hiyo maji niliyotia siku ya kwanza bado yamo yote?"

"Yamo, ukiacha kufunguafungua."

Alilifikiria hilo kwa muda mrefu. Nilimwona akilifikiria, lakini sikujua linampeleka wapi.

Mwaka mmoja yeye na mume wake wakaenda Makka kuhiji. Waliporudi tukaanza kuwaita Hajji na Hajati, na nyumba ikajaa watu. Hajati alikuwa ameleta maji ya Zamzam, yale ya kisima cha huko, ambayo Waislamu wanayaheshimu sana. Aliwagawia wote kwenye vikombe vidogo vya kahawa, jamaa, majirani, hata mchuuzi wa ndizi aliyekuwa anapita. Mimi Mprotestanti nilipewa changu, nikatazama wengine wanafanyaje, nikanywa kama wao. Hajati alinikazia macho ya udadisi, akauliza yana ladha gani. Nikamwambia yana chumvi kidogo. Akafurahi, akasema wengine wote wamemwambia ni matamu kwa sababu wanamwogopa.

Baada ya miezi kadhaa, ambayo hakuniita kutoa jani hata moja, aliugua. Nilikwenda kumtazama mara nyingi, na chumbani chupa ilikuwa pale mezani, lakini mtu haendi kwa mgonjwa kukagua mimea yake. Kisha akafariki. Nilikaa matangani pamoja na wanawake wengine nyuma ya nyumba, nikalia kweli. Hakuna mtu Mbarara aliyekuwa ameniuliza maswali mengi namna ile na kusikiliza majibu.

Msiba ukapita. Siku moja Hajji akaja mwenyewe kitaluni, akiwa na kanzu na kofia yake nyeupe. Hakuwa mtu wa kuja. Aliyazunguka mawaridi, akamkwepa mbwa, akasimama mbele yangu.

"Nyabo, mama, wewe kuja uangalie ile kitu ya Hajati. Majani iko nakufa."

Nilipoiona nilishtuka. Kioo kilikuwa cheupe kwa umande kutoka juu hadi chini. Nilipoinama kutazama kutoka chini, nikaona maji yamesimama juu ya makaa, yamepita chandarua, udongo umekuwa tope. Kangaga ilikuwa imegeuka myeusi, umebaki mmoja uliosimama kidogo pembeni. Na kifuniko kilikuwa kimezungushiwa nta ya mshumaa, kimezibwa kabisa.

"Hajji, nani alitia maji yote haya? Lazima tufungue leo hii, tuyamwage."

Akaweka kiganja chake juu ya kifuniko.

"Hapana. Hii ni Zamzam."

Akanieleza akiwa amesimama vilevile, mkono juu ya chupa. Siku ile Hajati alipokuwa anagawa, yeye alimnong'oneza abakize kidogo ya nyumba. Ukiwagawia majirani yote, alimwambia, na yetu nayo itaisha. Hajati akacheka. Jioni alichukua chupa ya Zamzam iliyobaki, akaimimina yote kwenye bustani yake, akayeyusha mshumaa akaziba. Akamwambia mumewe kwamba humu haitaisha, itakuwa inazunguka tu. Mama Riziki ndiye aliyesema.

Maneno yalikuwa yangu, na alikuwa ameyaelewa vizuri kuliko nilivyoyaelewa mimi. Kilichompita ni kipimo tu.

"Mimi kila siku nikimaliza alfajiri nakaa hapa," alisema Hajji. "Naangalia maji inapanda, inashuka. Mimi najua hayuko ndani. Mimi si mtoto. Sheikh ameniambia hii maji kumwagilia mti si kosa, kutoa si kosa. Lakini ni mkono yake ndiyo ilimwaga. Sasa mimi nitupe inje kama maji ya vyombo?"

Nikamweleza ukweli, kwa sababu kazi yetu ni hiyo. Tukiacha ilivyo, kangaga wa mwisho utaoza, maji yatanuka, na hatakuwa na la kutazama isipokuwa tope nyuma ya kioo. Tukifungua ili yakauke, yatapungua kidogo kidogo na kutoka kupitia dirishani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nimpe muda. Nikamwambia kangaga hautampa mwingi.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na huzuni ambayo haikuwa yake tu. Mama yangu mzazi tulimwacha Kivu, na nilipopata habari zake alikuwa ameshazikwa. Sina hata kitambaa chake cha kichwa. Kama mtu angeniletea maji yaliyomwagwa na mkono wake, nami ningeweka kiganja juu ya kifuniko.

Jumapili baada ya ibada nikapanda gari la Nakivale kwenda kwa Mama Namahoro. Alikuwa amezeeka, amekaa kwenye mkeka akichambua maharage, na dirishani chupa yake ilikuwa ileile. Nikamweleza kila kitu. Aliuliza maswali machache: chupa ina ukubwa gani, udongo una harufu gani, kangaga umebaki na majani mangapi. Akaendelea kuchambua. Nilidhani amesahau.

"Maji haiko mingi," akasema mwishowe. "Fasi njo kidogo."

"Nafasi ndogo? Sijakuelewa, mama."

"Kwetu maziwa ikijaa kibuyu, tunamwanga? Tunatafuta kibuyu ingine. Batu batacheka mutu mwenye anamwanga maziwa juu kibuyu imejaa." Akanitazama kama alivyonitazama siku ya viriba. "Tafuta chupa zingine. Ile tope ichanganye na udongo kavu, kila chupa ipate yake. Hakuna tone itaanguka chini."

Miaka yote nilikuwa nikifundisha watu kupunguza maji. Kuongeza nyumba ya maji halikuwahi kunijia kichwani. Nilicheka peke yangu ndani ya gari njia nzima, na abiria mwenzangu akasogea upande wa dirisha.

Hajji nilimkuta kwenye kiti chake mbele ya chupa. Nilipomweleza nikaona halimfurahishi.

"Hii ndiyo ile kidogo ya nyumba," alisema. "Mimi ndiye niliomba. Nilisema, Zaituni, wewe unagawa mpaka watu ya barabara, acha basi kidogo yetu. Sasa hata hii tugawe?"

Nilimwambia tu kwamba mimi pia nilipewa kikombe siku ile, na mchuuzi wa ndizi alipewa. Akainamisha kichwa. Nilipomtazama tena machozi yalikuwa kwenye ndevu, na alikuwa anatabasamu kidogo.

"Yule mtu ya ndizi alirudi mara mbili," alisema. "Hajati alijua. Akampa tena." Akajipangusa. "Kale, sawa. Leta chupa."

Tuliifanya kazi uani, mchana kweupe, juu ya mkeka. Nilikuwa nimekuja na chupa tupu na nyasi kavu za kufukizia. Hajji aliponiona nawasha nyasi akauliza ni za nini, nikamweleza habari ya vibuyu. Akaingia ndani, akatoka na chetezo cha Hajati na kipande cha udi, maana mkewe alikuwa akifukiza nyumba kila Ijumaa. Basi chupa zile zikafukizwa kwa udi. Ni mara ya kwanza na ya pekee kwangu kutumia moshi wa gharama kiasi hicho kwa kazi ya kangaga.

Nikakata nta kwa kisu. Kifuniko kilipofunguka harufu ya uozo ikatoka, na Hajji hakugeuza uso. Alishika beseni chini ya mikono yangu muda wote, nami nikawa nachota tope kwa kijiko kilichofungwa kwenye mti, nachanganya na udongo mkavu, najaza. Makaa yaliyoloa nayo tuliyagawa. Majani ya kijani yaliyosalia tuliyagawa. Ule kangaga mmoja niliuchomoa kwa spoki, nikakuta mizizi yake ina sehemu nzima zinazoweza kutengana, nikautenganisha vipande.

Mwisho ilibaki ile chupa yenyewe, tupu, na umande umeganda ukutani kwa ndani. Nilitafuta kitambaa safi, sikukipata. Hajji akavua kofia yake nyeupe, akaingiza mkono, akafuta kioo chote polepole mpaka juu, akaivaa tena ikiwa mbichi. Nami nikajifanya napanga chupa.

Kila mtoto wake alichukua moja. Yeye akabaki na ile ya zamani, ikiwa na udongo mpya na sehemu yake ya tope. Iliyobaki akanisukumia mimi.

"Hii ni yako. Yeye alikuwa anangojea wewe kuliko wageni wote."

Nyumbani kwangu bati ni la chini na joto ni kali, kwa hiyo nikaileta kitaluni, nikaiweka rafu ya nyuma kwenye kivuli. Kwa majuma kangaga haukuonyesha dalili yoyote, nikawa nakuja kazini mapema kuutazama. Kisha asubuhi moja nikaona kijani kimejikunja chini kabisa, kama ngumi ya mtoto mchanga. Niliacha lango wazi, mbwa akatoka, nami nikaenda kwa Hajji kwa miguu kumwambia. Kwake kilikuwa kimeota tangu juzi yake, na hakuwa ameniambia kwa sababu aliogopa kangaga wangu umekufa.

Hiyo ndiyo chupa ya kwenye rafu. Mtaniuliza, kama Hajati angeuliza, kama kweli maji ni yaleyale. Sijui. Kila nilipoifungua kutoa jani, pumzi kidogo ilitoka, na ya nje kidogo ikaingia. Sina kipimo cha hayo. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile pale uani mimi sijaongeza hata tone, na asubuhi kioo bado kinavaa umande nusu.

Mwaka jana kabla ya mvua nilisikia mtu anabisha hodi kwa sauti ya chini. Alikuwa Hajji, amekonda, anatembelea fimbo, na mkononi ana chupa tupu. Yake ilikuwa imeanguka wakati wa kuhamisha samani, ikavunjika, na udongo wote ulikuwa umefagiliwa kabla hajarudi kutoka msikitini. Hakunieleza hayo mpaka baadaye. Alisimama tu na chupa, na mimi nikanusa udi alioifukizia kutoka nilipokuwa. Nikashusha yangu kutoka rafuni, nikatafuta spoki, nikampa nusu.

Ndiyo maana nawasumbua kwa maandishi marefu. Watoto wake wametawanyika, na vioo huvunjika. Siku moja atafika mtu hapo na chupa tupu inayonukia udi, awe Hajji au mmoja wa wanawe. Msimtajie bei na msimhoji. Spoki nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Gawaneni naye nusu kwa nusu, msifinye udongo, na mkifunika kazeni kifuniko. Kangaga ukiwapa wasiwasi, usogezeni kivulini na muwe na subira. Lakini maji msitie. Hajati alishatia.